Upondo na Boti ya Kazi Nne

Boti ile haikuja kwa maji. Ilikuja kwa treni, imelala juu ya behewa lisilo na kuta, imefunikwa turubai la rangi ya majani. Treni yenyewe ilikuwa haijaonekana Kindu kwa wiki saba, basi mji mzima ulikimbilia stesheni, wengine kuitazama boti, wengine kuitazama treni. Bulaimu hakwenda. Alikuwa amekaa chini ya bati lake pale mtaa wa Mikelenge, ameuzamisha mpira wa baiskeli ndani ya karai, anatafuta tundu.

Odette, mama anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara, alirudi anahema.

"Baba Nuru, boti ya vita imefika! Iko na bunduki mbele, iko na kitanda ya wagonjwa ndani, iko na choo! Choo, Baba Nuru! Waaskari wa maji watakunya sawa wakubwa."

"Hiyo kitanda na hiyo bunduki," Bulaimu akauliza bila kuinua macho, "nini iko juu ya nini?"

"Miye nitajua? Bunduki njo iko juu, nafikiri."

"Basi watu watalala chini yake."

Akaubana mpira kwa vidole hata maji yakamrukia usoni. Odette alimjua jirani yake. Alivuka barabara akarudi kwenye mafuta yake ya moto, maana hayo yalikuwa na huruma zaidi.

Kabla ya saa sita mwenye boti naye akafika kwa miguu. Alikuwa Luteni Léon wa jeshi la maji, mtu wa miaka kama arobaini, mwembamba, mwenye adabu. Alivua kofia kabla ya kusalimu.

"Jambo sana, papa. Nimeambiwa weye njo mupimaji wa mto wa mwisho wa zamani hapa Kindu."

"Wengine wamekufa," Bulaimu alisema.

Luteni akaketi juu ya tairi la pikipiki bila kukaribishwa, akaeleza. Wakubwa watatu wametoka Kinshasa. Jeshi linataka kujua kama inafaa kununua boti ndogo za vita za namna hii, sita kwa mto Lualaba peke yake. Hii moja ni ya kujaribu. Inalinda mto kwa kufukuza wanaoweka vizuizi na kunyang'anya wafanyabiashara, inaokoa watu balenieri, zile boti ndefu za mbao, zikizama, inabeba wagonjwa, inabeba mizigo ya serikali. Jumamosi itashuka mpaka Lokandu. Lakini kabla ya kuondoka, Ijumaa baada ya sala, raia wataulizwa mawazo yao bandarini.

"Nchi ni kubwa, papa, na pesa ni kidogo. Boti moja ikifanya kazi ine, ni sawa tumenunua boti ine."

"Na miye mnanitakia nini?"

"Usimame mbele na upondo. Mashini ya kupima maji iko, lakini mashini inajua maji ya chini ya boti, haijui ya mbele. Na huu ni mwezi wa saba. Mto umekauka."

Bulaimu aliweka mpira chini.

"Luteni, ondoka hapa."

"Papa, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea bado. Ondoka kabla hujanikosea."

Luteni akasimama, akavaa kofia. Lakini alisema neno moja zaidi, tena kwa wema, akidhani anampa mzee furaha. "Mutoto yako Nuru, yule muuguzi wa Lokandu, jina yake iko kwenye karatasi yetu. Wakubwa wakikubali, yeye njo atakuwa muuguzi wa boti."

Hapo Bulaimu akalipiga teke karai, maji yakamwagika barabarani mpaka kwa Odette.

*

Mtu asiyemjua Bulaimu angesema ni mzee mwenye kichaa kidogo. Wanaomjua walisema ni mtu wa maji anayeogopa maji, na walimcheka kwa hilo. Kwa miaka ishirini na tano hakupanda chombo chochote. Ndugu yake wa tumbo moja alikaa Alunguli, ng'ambo ya mto, mahali ambapo ukipiga kelele asubuhi tulivu utasikika. Alipokufa, Bulaimu alisimama upande huu akiwa na kanzu nyeupe, akatazama mazishi ya nduguye kwa mbali, watu wadogo kama siafu wakipanda kilima na jeneza. Kisha akarudi kuziba mipira.

Lakini zamani hizo upondo ulikuwa mkono wake wa tatu. Mjomba wake Kasimu alimfundisha tangu ana miaka kumi na minne. Upondo ni mti mwembamba, mrefu kuliko watu wawili, umepakwa pete nyekundu na nyeusi, kila pete shibiri moja. Mpimaji husimama kwenye pua ya boti, anautumbukiza, anausikia unapogusa, anautoa, anataja. "Tisa! Tisa! Nane!" Nahodha huko nyuma haoni kitu ila maji ya kahawia, anaendesha kwa sauti ya mpimaji. Mchanga unajibu laini, tope linashika, jiwe linapiga hadi begani. Mjomba Kasimu alikuwa na sheria moja tu, na aliisema kwa bakora: mpimaji hali, hatafuni kola, haongei na wanawake, hapokei mzigo wa mtu. Mikono miwili, upondo mmoja.

Boti aliyopimia Bulaimu iliitwa Baraka, mali ya mfanyabiashara Djamali. Ilikwenda Lokandu kila Jumanne na kurudi Alhamisi, imejaa mchele, sabuni, kuku, na wajawazito waliokuwa wanapelekwa hospitali ya mji. Nahodha wake alikuwa mzee Kalume. Riziki, msichana wa Lokandu, alianza kupanda kila wiki na sabuni ambazo hazikuwa zinapungua. Mwishowe mzee Kalume akauliza mbele ya abiria wote kama yule dada anauza sabuni au anauza macho. Bulaimu akataja "Sita" mahali penye kumi, na boti nzima ikacheka. Walioana mwaka ule. Nuru akazaliwa.

Kisha vita vikaja. Wenye bunduki walioshika mji waliichukua Baraka asubuhi moja bila karatasi. Mkubwa wao, ambaye wote walimwita Komanda tu, aliipenda sana. Aliizungushia mabati mazito ya chuma, akaziba madirisha, akaweka juu ya paa bunduki ya miguu mitatu. Mzee Kalume alijaribu kusema kwamba chombo sasa kinazama shibiri mbili zaidi ya zamani, na kwamba uzito wote uko kichwani. Komanda akamjibu kwamba hii si boti tena ya kubeba kuku, ni boti ya vita, lakini kuku nao itabeba, na raia itabeba, ili raia wajue jeshi linawapenda. Nauli aliiongeza mara tatu. Wafungwa nao aliwabeba. Majeruhi nao. Mbuzi walioibwa nao.

Watu walipanda. Wangefanya nini? Barabara zilifungwa, treni ilikufa, chumvi Kindu ilipimwa kwa kijiko. Na mwaka wa elfu mbili, mwezi wa saba, Riziki alisikia mama yake ni mahututi Lokandu. Akamwacha Nuru, mtoto wa miaka sita, kwa jirani, akapanda.

Baraka haikufika. Iligonga jiwe karibu na Lokandu ikapinduka. Waliofia humo ni watu thelathini na mmoja. Tangu siku ile Bulaimu alikuwa na neno moja tu kwa kila aliyemuuliza, hata kwa Nuru alipokua: "Bunduki njo iliizamisha. Uzito wa bunduki." Wala hakusema uongo. Ila hakusema yote.

*

Nuru alifika jioni ileile kutoka kikao cha wauguzi, amepakiwa nyuma ya pikipiki, uso wake umejaa furaha. Alimkuta baba yake amesimama mlangoni.

"Utatoa jina yako kwa karatasi ile."

"Habari ya jioni na weye pia, baba."

"Nuru, siko natania."

Nuru akaweka mkoba chini taratibu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, sauti yake nzito kama ya mama yake.

"Mwezi uliopita," alisema, "mwanamke mumoja wa Lokandu ameshikwa na uchungu siku mbili. Mutoto amelala vibaya. Tumemuweka kwa mutumbwi, mota hakuna siku ile, wanaume wanne wanapiga kasia kupandisha mto. Masaa kumi na moja, baba. Amenifia mukononi tumeona taa za Kindu. Taa tumeziona! Weye unanitolea jina kwa boti yenye inafika kwa saa tatu?"

"Boti ya wagonjwa nitaibeba kwa kichwa. Hii si ya wagonjwa."

"Iko na kitanda."

"Na bunduki."

"Bunduki ni ya kulinda kitanda!"

"Hapana!" Bulaimu akapiga mlango kwa kiganja hata vumbi likaanguka. "Siku mwenye bunduki atataka kwenda kushoto, na mugonjwa yako anataka kulia, boti itaenda wapi? Na wale wa porini wakitaka kupiga bunduki, watapiga wapi? Watapiga kitanda, sababu kitanda na bunduki ni kitu kimoja. Mutumbwi yako ya mujamuzito hakuna muntu anapiga risasi."

"Hakuna anapiga risasi, ni kweli. Anakufa tu kimya-kimya na hakuna anakasirika." Nuru alichukua mkoba wake. "Weye umekasirika miaka yote, baba. Hasira yako haijafikisha mugonjwa hata mumoja hospitali."

Aliingia ndani, akalala bila kula.

*

Ijumaa, hanga, lile banda kubwa la bandarini, lilijaa. Nje, boti ilikuwa imeshushwa majini, nyembamba, ya kijivu, mpya hadi inang'aa. Bunduki yake ilivikwa kitambaa kama bibi harusi. Wakubwa watatu wa Kinshasa waliketi nyuma ya meza, wanajipepea kwa bahasha. Luteni Léon alieleza tena zile kazi nne, vizuri, bila majigambo. Mwenye balenieri mmoja akasema zije hata kesho, wanyang'anyi wamemmaliza. Shehe mmoja akasema zije lakini askari wa boti hizo walipwe mishahara, wasije wakawa wao ndio kizuizi. Watu wakapiga makofi. Nuru alisimama karibu na mlango, amevaa koti jeupe, pembeni yake masanduku mawili ya dawa.

Kisha mmoja wa wakubwa akauliza mabaharia watakuwa wangapi.

"Sita tu," Luteni alijibu kwa fahari. "Zamani tungetaka kumi na wawili. Lakini hapa kila muntu anafunzwa kazi mbili, tatu. Mpimaji anasaidia kwa bunduki, fundi anasaidia muuguzi..."

"Rudia," sauti ikasema kutoka nyuma.

Watu waligeuka. Bulaimu alikuwa hajasema neno mbele ya kundi tangu ujana wake. Alikuja mbele anawasukuma watu, mikono yake bado ina gundi ya mipira.

"Rudia, Luteni. Mpimaji anasaidia kwa nini?"

"Kwa bunduki, papa. Ikihitajika tu."

"Ikihitajika tu." Bulaimu aliigeukia meza. Hakuwa anapaza sauti. "Mumetoka mbali kutuuliza, basi mutasikia. Wote hapa wanajua miye ni mpimaji wa Baraka. Wote nimewaambia bunduki iliizamisha. Uzito. Ni kweli, ilikuwa nzito. Lakini na uzito ule tumepita jiwe lile mara kumi na moja! Kumi na moja, sababu nilikuwa mbele na upondo. Siku ile ya kumi na mbili muntu amepiga risasi moja porini. Moja. Labda mwindaji. Komanda amesukuma wanawake wote ndani nyuma ya chuma. Juu ya paa yule mwenye bunduki anapiga, anapiga, anaita risasi. Hakuna wa kumuletea, kila muntu iko na kazi yake ingine. Komanda ananiangalia miye. Anasema: weye wa fimbo, beba sanduku!"

Jasho lilikuwa linamtiririka Bulaimu mpaka shingoni.

"Na nilibeba! Nimelaza upondo chini, nimebeba sanduku ya risasi. Kutoka mbele mpaka kwa ngazi ni hatua saba. Kwenda saba, kurudi saba. Kwa hatua zile kumi na ine hakuna muntu alikuwa anapima mto. Sikumaliza kurudi. Jiwe limetupata. Bunduki juu ya paa imevuta boti kwa upande, na wanawake wako ndani nyuma ya chuma, na wafungwa wamefungwa kamba. Miye nilikuwa nje. Miye na yule wa bunduki tumeogelea."

Aliinyooshea kidole ile boti ya kijivu.

"Munasema boti moja ya kazi ine ni boti ine. Uongo! Siku ya mashaka inabaki kazi moja, ile ya mwenye sauti kubwa, na zingine zinakufa na watu wao. Munataka boti ya vita? Nunueni ya vita, iende na waaskari wake. Munataka kuokoa watu? Nunueni ya kitanda, hata moja, hata mbovu, ipakeni rangi nyeupe. Lakini mukifunga mutoto wangu chini ya bunduki munamuita muuguzi, miye nitakuwa nimeua wawili."

Mkubwa mmoja alikohoa, akasema mawazo ya raia yameandikwa. Luteni Léon alikuwa ameinamisha kichwa. Bulaimu akamtafuta Nuru kwa macho. Pale mlangoni yalibaki masanduku mawili ya dawa tu.

*

Alimkuta nyuma ya hanga, karibu na mabehewa yaliyoota kutu. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira ambayo Bulaimu hakuwahi kuiona kwake.

"Miaka makumi mbili na tano," Nuru alisema. "Nimekuuliza nikiwa mutoto. Nimekuuliza siku ya ndoa yangu. Nimekuuliza siku nimepata diploma. Leo umeambia watu wa Kinshasa mbele yangu. Wale wenye bahasha!"

"Nuru..."

"Wale wamejua mama yangu amekufa namna gani, na miye nimesikia sawa muntu anapita sokoni."

Hasira yote aliyoingia nayo Bulaimu hangani ilikuwa imemwacha pale mezani, na bila hiyo hakujua namna ya kusimama.

"Niambie kitu kimoja," Nuru akasema. "Ulipopita na sanduku ile. Mama alikuona?"

Bulaimu alibandua gundi kidoleni.

"Aliniona. Walikuwa wamemusukuma ndani, lakini alikuwa kwa mulango."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza: upondo uko wapi?"

"Na weye?"

"Nikamwambia, ngoja kwanza."

Nuru akageuka, akarudi hangani kwa hatua za haraka, na Bulaimu akamfuata kwa mbali kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Alimsikia akisema na Luteni.

"Siku ya wagonjwa, ile bunduki itabaki wapi?"

"Dada, imefungwa kwa chuma ya boti yenyewe. Haitoki."

"Waambie watengeneze yenye inatoka."

"Nitawaandikia. Naapa nitaandika." Alionekana anasema kweli. "Lakini hiyo itakuwa mwaka mungine, kama si ya tatu. Kesho tunaenda na hii."

"Basi futa jina yangu."

"Dada Nuru, hakuna boti ingine. Utaenda Lokandu na nini?"

"Na ile nilikuja nayo."

Aliinua sanduku moja la dawa, akalipachika kichwani. La pili Bulaimu alilichukua bila kuambiwa, na Nuru hakumzuia wala hakumshukuru. Waliteremka kwenye ngazi za matope, mahali mitumbwi yenye mota inapokusanyika upande wa chini wa bandari. Kuna mwanamke Lokandu alikuwa anatazamiwa kujifungua wiki ile, naye hakuwa na habari na mikutano. Ile boti ya kijivu ingefika kwa saa tatu. Mtumbwi wa mota, na maji haya ya Julai, sita, kama hakuna kuharibika.

Nuru akapanda, akaketi katikati juu ya gunia, akatazama mbele. Bulaimu alikabidhi sanduku, akarudi nyuma mpaka maji yakaachia miguu yake.

Mota ikanguruma. Mwendeshaji, bwana mmoja mnene mwenye kofia ya majani, aliusukuma mtumbwi kwa mguu, akashika usukani kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akaanza kucheka na mtu.

"Weye!" Bulaimu alipiga kelele, na bandari yote ikageuka. "Weye wa kofia! Mama yako alikuzaa na vichwa vingapi? Weka simu chini! Angalia maji! Angalia maji, mushenzi weye, mutoto wangu iko ndani!"

Yule bwana alishtuka, akaiangusha simu juu ya magunia, akakamata usukani kwa mikono miwili. Bulaimu hakunyamaza. Alitembea ukingoni sambamba na mtumbwi, akitukana, mpaka kwenye ukuta wa bandari ambapo njia inakwisha, na hata hapo aliendelea.